Ufa wa Jikoni kwa Bi Elfryda

Jumanne ya pili ya Februari, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Elfryda Kozubek aliweka mayai mawili mezani ili ayavunjie kwenye unga, na yote mawili yakabiringika kuelekea dirishani. Aliyadaka kabla hayajafika ukingoni, kwa kuwa alishazoea. Nyumba yake ya matofali mekundu ilikuwa imeinama upande wa kusini tangu mgodi wa makaa ulipopitisha njia zake chini ya mtaa, na kila kitu cha duara humo ndani kilijua pa kwenda. Aliyatia mayai kikombeni, akafuta mikono kwa aproni, akautazama ufa.

Ufa ulianzia darini, ukashuka nyuma ya kalenda ya parokia, ukapita ubavuni mwa jiko na kuishia sakafuni. Kwa juu uliingia kidole kimoja, kwa chini viwili. Siku za upepo ulipiga mluzi. Siku za utulivu ulitoa harufu ya chini kabisa, ya maji yaliyolala na miti iliyooza, ambayo Elfryda aliifahamu vizuri kwa sababu marehemu mumewe, Rufin, aliileta nyumbani shingoni kila jioni kwa miaka ishirini na sita.

Yeye mwenyewe alifanya kazi mgodini humohumo miaka thelathini na mmoja, kwenye dirisha la taa. Asubuhi aliwapa wanaume taa zao wakashuka. Mchana alizipokea wakipanda na kuzitundika kila moja kwenye msumari wake. Msumari mtupu mwisho wa zamu ulikuwa na maana moja tu. Miaka thelathini na mmoja alitazama misumari, na siku moja alitazama msumari wa Rufin kwa saa sita. Rufin alirudi siku ile, akaja kufa kitandani kwa mapafu, tena kwa adabu, baada ya kunyoa ndevu. Lakini zile saa sita hazikutoka mwilini mwa Elfryda. Zilikuwa zinamrudia kila asubuhi kama saa tatu hivi: zilianza magotini, zikapanda tumboni, zikafika kooni, na moyo ukaenda mbio bila kwenda popote.

Daktari alimpa matone ya kunywa, ishirini ndani ya maji, akamshauri asiwaze sana. Alikuwa kijana mwema aliyeishi mji mwingine, katika nyumba isiyochimbwa chini. Matone yalisaidia kiasi. Kilichosaidia zaidi ni rozari.

Elfryda alikuwa mmoja wa watu ishirini wa Rozari Hai ya parokia. Kila mmoja alipewa tendo moja la rozari la kusali kila siku kwa mwezi mzima, Baba Yetu moja na Salamu Maria kumi, hivyo watu ishirini, kila mtu jikoni kwake, walimaliza rozari nzima bila kuonana. Jumapili ya kwanza ya mwezi walikutana kubadilishana vikaratasi vya matendo. Mwezi ule Elfryda alikuwa na tendo la Yesu kutoka jasho la damu bustanini, na alilipenda. Ilimtuliza kujua kwamba na Yeye aliwahi kulowa shati kwa hofu, wenzake wakilala usingizi hatua chache tu pale.

Basi alikaa kwenye kiti, akashika punje ya kwanza. Kwenye Salamu Maria ya tatu magoti yaliacha kutetemeka. Kwenye ya tano pumzi ilishuka mahali pake. Kwenye ya saba ufa ulianza kufumba kuanzia juu, na kwenye ya kumi haukuwapo. Plasta ilikutana na plasta, rangi ya kijani ikakutana na rangi ya kijani, kalenda ikalala bapa ukutani. Elfryda alibusu msalaba wa rozari, akayatoa mayai kikombeni, akayaweka mezani. Yalitulia. Alikuwa na muda wa kuchemsha viazi, kisha ufa ungerudi.

Jambo hili lilikuwa na mwaka na nusu sasa. Alipomweleza Gertruda Kandzia, kiongozi wa Rozari Hai, Gertruda alimjibu kwamba yeye akisali, maumivu ya goti lake huhamia kwa paka. Wakaendelea kuzungumza habari za maua ya altare.

Kilichomuudhi Elfryda hakikuwa ufa kufumba. Kilichomuudhi ni ofisi ya mgodi inayoshughulikia nyumba zilizoharibika. Mgodi ulikuwa unajiandaa kuchimba mkanda mwingine wa makaa, huu ukipita chini ya jiko lake moja kwa moja. Nyumba ambayo ingeandikwa kuwa imepasuka ingefungwa vyuma vya kuishikilia, au mwenyewe angehamishiwa nyumba nyingine. Nyumba ambayo ingeandikwa kuwa nzima ingeachwa kama ilivyo. Ofisi ilipima mara tatu, na baada ya mara ya tatu faili lilifungwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufanyeje ufa ukizibwa na Salamu Maria mbele ya mtu mwenye fomu.

Mpimaji alikuwa bwana mmoja wa miaka arobaini na kitu, Norbert Gawlik, mpole, mwenye viatu safi. Alipokuja mara ya kwanza, mwezi Novemba, alibonyeza kengele, na Elfryda, ambaye maisha yake yote kengele isiyotarajiwa ilimaanisha mtu wa mgodi amekuja kuvua kofia mlangoni na kutangaza kifo, alishika rozari mfukoni bila kujijua. Mpaka Bwana Gawlik anafuta viatu, anavua koti na kusifu harufu ya kabichi, Elfryda alishamaliza Salamu Maria kumi nzima chini kwa chini.

"Upo wapi huo ufa, mama?"

"Upo hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo unapopatazama."

Bwana Gawlik alipapasa ukuta, akagongagonga, akaandika sifuri. Kisha akanywa kahawa ya shayiri, akaaga. Alipofika kwenye geti ukuta ulifunguka kwa mlio, na Elfryda akabaki amesimama na kikombe cha mtu mkononi, hasira imemjaa mpaka masikioni.

Mara ya pili, Januari, alijiandaa. Rozari aliifungia ndani ya droo ya vijiko, na ufunguo akampa jirani yake, Engelbert Pyka. Pyka hakuwa ameingia kanisani tangu ubatizo wa mwanawe wa mwisho, na wakati wa kutukana ulipofika hakuwahi kupungukiwa maneno. Kwake ufa ulikuwa mwembamba kuliko wa Elfryda, ila ulikaa wazi mchana kutwa, mtu akaja, akaupima, na nyumba ikafungwa vyuma pande zote nne.

"Jirani, mimi nakwambia kila siku," Pyka alisema akiutia ufunguo mfukoni. "Acha huo uchamungu wako wiki moja tu. Huyo Mungu hatahama."

"Wewe nishikie ufunguo, mengine niachie."

Siku hiyo Elfryda hakusali hata neno. Alikaa akiuma midomo, jasho likimtoka mgongoni. Na bado Bwana Gawlik alipoingia jikoni ukuta ulikuwa laini kuliko siku ulipojengwa. Sakafu nayo ilikuwa imenyooka. Mayai mezani yalikaa kama yamegandishwa, na mlango wa stoo, ambao haukuwahi kufungika tangu Rufin yu hai, ulijifunga wenyewe taratibu.

"Hongera, mama. Nyumba imetengemaa," alisema Bwana Gawlik, akaandika sifuri ya pili.

Elfryda alielewa kilichotokea kabla mtu hajatoka. Jumapili iliyopita, kwenye kubadilishana vikaratasi, alisimama mbele ya kikundi kizima na kuwaomba: wapendwa, Alhamisi saa nne napimwa nyumba, msinisahau. Hawakumsahau. Watu kumi na tisa, saa nne kamili, waliacha vyungu vyao na kupiga magoti. Mmoja wao, Cila Lipok, hata kula hakula.

Alimpigia simu Gertruda. "Mmeniua, Truda."

"Tumekuombea kwa moyo wote!"

"Ndiyo maana nasema mmeniua."

Sasa ilibaki mara ya tatu, na barua ilikuwa imefika: Jumatano, saa nne asubuhi. Ndiyo sababu Jumanne ile, baada ya kukanda unga wake, Elfryda alivaa koti na kwenda nyumba ya mapadre, kwa kuwa kulikuwa na jambo lililomsumbua na hakutaka kulibeba peke yake.

Padre Damian alikuwa anarekebisha mashine ya kunakili, mikono imejaa wino.

"Padre, ni dhambi kumwomba mtu asiniombee?"

Alimweleza yote. Padre alisikiliza, akichokonoa mashine kwa bisibisi.

"Kuacha kusali moja kwa moja, hapana," alisema. "Kunyamaza kwa saa moja, hiyo sawa. Bwana mwenyewe alinyamaza mbele ya Pilato."

"Na ikawaje kwake, Padre?"

Padre Damian alifikiri kidogo. "Basi mfano huo tuuache," alisema. "Ila hilo si dhambi. Nami kesho saa nne nitajishughulisha na hii mashine. Hapa hakuna hatari ya kusali."

"Mimi nikikaa bila sala napotea, Padre. Si utani. Moyo unanikimbia, sioni mbele."

"Najua. Ndiyo maana usikae peke yako."

Hilo lilikuwa shauri jema, na Gertruda alilitekeleza kama alivyotekeleza kila kitu, yaani kupita kiasi. Jumatano saa tatu u nusu jiko la Elfryda lilikuwa na wanawake saba wa Rozari Hai kwenye viti vya kuazima, mkate mtamu wa jibini mezani, na Gertruda, mmoja wa hao saba, amesimama katikati. Wale kumi na wawili waliobaki walikuwa wameapa kwa simu, mmoja mmoja, kwamba mpaka saa tano hawatasali, hata wakiungua mkono.

"Rozari zote hapa," Gertruda alisema, akapitisha bakuli. Zililia ndani ya bakuli, ya mbao, ya kioo, moja ya plastiki ya kutoka hija. Alilitia bakuli ndani ya oveni iliyozimwa na kufunga mlango wake. "Mtu asitaje jina la mtakatifu. Cila, hata Mtakatifu Antoni wa vitu vilivyopotea."

"Nikipoteza miwani je?"

"Utakuwa kipofu mpaka saa tano."

Saa tatu na dakika arobaini wasiwasi ulimjia Elfryda kwa nguvu zote. Magoti, tumbo, koo. Vidole vyake vilitafuta punje mfukoni na kukuta leso. Aliiona ile misumari ukutani penye dirisha la taa, safu kwa safu, na akajua kwamba sasa hivi atapiga kelele au atatapika mbele za watu. Gertruda alivuta kiti, akakaa goti kwa goti naye, akamshika mikono yote miwili.

"Nieleze madonge ya viazi yanapikwaje."

"Truda, unajua madonge ya viazi."

"Sijui. Mimi ni mtoto wa jana. Nieleze."

"Unachemsha viazi," Elfryda alisema, meno yakigongana. "Unaviponda vingali moto. Unasawazisha kwenye sufuria, unagawa mafungu manne. Fungu moja unalitoa, mahali pake unatia unga wa wanga."

"Halafu?"

"Yai. Chumvi. Unafinyanga, unabonyeza kibonyo katikati kwa kidole."

"Halafu?"

"Mchuzi ukae hapo."

Wanawake wengine wakaanza kuitikia, kama ilivyo desturi ya watu waliokaa miaka mingi kwenye mabenchi ya kanisa. Elfryda alipoishia "unabonyeza kibonyo," wote saba waliitikia "mchuzi ukae hapo." Walipofika mara ya nne Cila alitazama ukutani.

"Truda, unafumba."

Kweli, ufa ulikuwa umepungua unene wa sarafu. Gertruda aliruka kutoka kitini.

"Mnaimba! Nyie mnaimba litania ya viazi! Acheni mara moja. Gombaneni."

"Tugombane nini?"

"Nani aliondoka na kitambaa cha meza cha sikukuu ya parokia, kile cha kufuma, mwaka ule wa mafuriko?"

Kisha Cila akasema hakukiondoa, alikipeleka kufua. Mwingine akauliza ni sabuni gani hiyo inayofua kitambaa kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwingine akasema wenye midomo wangeanza kwa kurudisha masufuria. Dakika mbili baadaye watu walikuwa wamesimama, vidole viko hewani, ikatajwa harusi ambayo haikuwa na nyama ya kutosha, na ukuta ukafunguka. Ulifunguka kwa sauti ya shuka inayochanwa. Mkono wa mtu mzima ungeweza kuingia. Kwa mara ya kwanza mwanga wa nje ulipita, na Elfryda akaona kuku wa Pyka, na Pyka mwenyewe amesimama kati yao na koleo.

"Nimetukana tangu alfajiri kukusaidia, jirani!" Pyka alipaza sauti kupitia ufa. "Nimemaliza ya kwetu, sasa natumia ya jeshini!"

"Usiache!" Gertruda alimjibu.

Elfryda alikuwa bado anatetemeka, tena vibaya, lakini alikuwa amesimama wima. Watu saba walikuwa wanatukanana jikoni kwake kwa ajili yake, na mmoja nje. Hakuwahi kupendwa namna hiyo hadharani, na ingekuwa siku nyingine angemshukuru Mungu. Alijizuia.

Kengele ililia saa nne kamili.

"Mungu abariki," alisema Bwana Gawlik mlangoni, kwa kuwa watu wa mgodi husalimiana hivyo tangu enzi za babu zao, chini na juu, ofisini na baa. Ufa ulipungua unene wa unywele.

"Sema habari za asubuhi!" Gertruda alimkemea.

"Habari za asubuhi," alisema Bwana Gawlik, akavua kofia. Aliingia jikoni, akasimama. Aliutazama ufa kuanzia darini mpaka sakafuni. Kuku mmoja wa Pyka alichungulia ndani, akaondoka.

"Huu Januari ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa umefumba," Elfryda alisema. "Leo umefumbua. Pima, mwanangu, usiulize. Pima."

Bwana Gawlik alikuwa mtu wa kazi yake. Alitoa rula ya chuma kwenye mkoba, akaiingiza katika ufa mpaka nusu, akasoma kwa sauti: sentimita sita na milimita mbili. Alitoa fomu, akaiweka mezani, ikaanza kuteleza kuelekea dirishani, akaikamata. Cila alimpa kalamu. Elfryda alikuwa anahesabu mitungi ya matango juu ya kabati, kumi na mmoja, anaanza tena. Kalamu iligusa karatasi.

Hapo chini ya nyumba kitu kilijigeuza. Labda ni njia ya zamani iliyoporomoka, labda ni watu wa kupima mkanda mpya. Mgodi haukueleza baadaye. Sakafu ilishuka kidole kizima kwa mara moja. Vikombe vililia, mitungi ikaruka, na Bwana Gawlik, ambaye kabla ya kupata kazi ya viatu safi alishachimba makaa miaka tisa na siku moja alizikwa hadi kiunoni, alifumbata mikono kifuani na kusema kwa sauti kubwa na kwa moyo wote:

"Yesu na Maria, tuokoe!"

Ukuta ukajifunga. Haukuchukua Salamu Maria kumi, haukuchukua hata moja. Plasta ilikutana na plasta, rangi na rangi, na rula ya chuma ikabaki imenaswa katikati, nusu ndani, nusu nje, imenyooka juu ya jiko. Sakafu ilitulia. Kalenda ililala bapa.

Kisha Elfryda alipiga meza kwa kiganja.

"Si ungetukana tu! Wachimbaji wote duniani wakiogopa hutukana! Miaka thelathini na mmoja nimewasikia wakitoka chini, sijasikia neno moja la heshima! Wewe leo, jikoni kwangu, ndiyo unachagua kusali?"

"Imenitoka, mama," Bwana Gawlik alisema. Uso ulikuwa umemwiva. "Tangu kipaimara sijasali. Imenitoka tu."

"Basi andika sita! Umeisoma mwenyewe, watu wanane tumesikia!"

"Na mimi!" Pyka alipiga kelele kutoka nje, ingawa sauti yake sasa ilipita dirishani.

Bwana Gawlik alishika kalamu, akaishusha. Alikuwa na aibu ya kweli, na hiyo ilizidi kumkasirisha Elfryda, maana mtu mbaya angalau unaweza kumfukuza. "Mama, nimeuona. Mbele za Mungu nimeuona."

"Usimtaje tena!"

"Samahani. Lakini fomu inauliza ufa uliopo wakati wa kutia sahihi. Haiulizi ufa niliouona." Alivuta rula. Haikutoka. Aliweka mguu ukutani, akavuta kwa mikono miwili. Haikutoka. "Na hii ni mali ya ofisi."

Walijaribu. Waligombana upya kuhusu kitambaa cha meza, lakini ugomvi haukuwa na moyo tena. Cila alikuwa analia na kuomba msamaha kwa ajili ya sabuni. Pyka alitukana mpaka koo likakauka. Ukuta haukusogea, kwa kuwa mtu aliyezikwa hadi kiunoni akiomba, ombi lake hukaa. Lilikaa siku tatu, na hata ufa uliporudi rula ilibaki imeng'ang'ania plasta ya upande mmoja. Bwana Gawlik aliandika sifuri ya tatu, akasahau kofia yake, akarudi kuichukua, hakumtazama mtu.

Barua ilifika baada ya siku kumi. Ilisema nyumba ya Bi Elfryda Kozubek ndiyo imara kuliko zote mtaani, faili limefungwa, na uchimbaji wa mkanda utaanza Jumatatu ya kwanza ya Machi. Aya ya pili, iliyokuwa ndefu zaidi, ilihusu rula. Ofisi ilimwomba airudishe ndani ya siku kumi na nne, bila kuipinda, na kwa njia isiyoharibu ukuta.

Elfryda aliisoma mara mbili, kisha akaenda kanisani wakati hakuna mtu, akaketi mbele ya sanamu ya Bikira Maria na kuzungumza naye kama mwanamke na mwanamke. Hakusali, alilalamika. Alimwambia kwamba yeye kila siku anaomba moyo utulie, na moyo unatulia, asante sana, hilo halikatai. Ukuta hakuuomba. Ukuta una wenyewe, wana ofisi, wana magari, wana mashine za kuchimba mpaka kuzimu, na kama Mama wa Mungu ana nafasi ya kufunga kitu, kuna midomo na mifuko mjini hapa angeweza kuanza nayo. Alisema mengi. Alitoka amechoka na mwepesi, na akiwa ngazini akagundua kwamba ule moyo haujaenda mbio tangu asubuhi. Hilo nalo lilimkera kidogo.

Jumapili ya kwanza ya Machi Rozari Hai ilikutana. Gertruda alikuja na vikaratasi vyake ndani ya sanduku la viatu, lakini safari hii kila kikaratasi kilikuwa na tendo upande mmoja na saa upande wa pili.

"Kesho wanaanza kuchimba chini ya Elfryda," alisema. "Vyuma hawaleti. Nyumba hawampi. Ufa wake ukisaliwa unafumba kwa muda wa kuchemsha viazi. Tuko ishirini. Elfryda nimemtoa kwenye zamu za alasiri na za usiku, kwa sababu binadamu hulala. Nani analalamika?"

Cila alisema saa nane mchana ndipo anapompikia mkwewe atokaye zamu mgodini. Gertruda alimwambia midomo haikorogi sufuria. Mzee mmoja aliomba asipewe alfajiri kwa sababu ya kibofu, akapewa jioni. Hakuna aliyeuliza kwa nini watu ishirini wenye magoti mabovu washike nyumba ambayo mgodi mzima umekataa kuishika. Waligawana saa, wakaimba, wakala mkate mtamu.

Jumatatu mashine zilianza. Elfryda alizisikia kwa nyayo, mdundo wa chini kabisa, usiopumzika, na ufa haukungoja tena viazi: sala ikikatika tu, ulifunguka. Asubuhi alisali zamu yake, akapika, akaosha vyombo, akafuta rula ya ofisi iliyokuwa inapata mafuta juu ya jiko, akatundika kitambaa cha vyombo juu yake. Saa nane kamili alivua viatu na kujilaza kwenye kochi la jikoni. Wasiwasi ulikuja mpaka magotini, ukasubiri. Alikumbuka kwamba nyumba ya nne kutoka hapa Cila amekwisha kuketi na rozari yake ya kioo, kwamba baada ya Cila kuna Gertruda, na baada ya Gertruda kuna mwingine. Alifumba macho. Hakuwa amelala mchana tangu mwaka ambao Rufin alichelewa saa sita.

Saa nane na dakika kumi na mbili, kwenye Salamu Maria ya sita, sufuria ya kabichi ya Cila Lipok ilianza kufurika, naye akaweka rozari mezani na kuinuka. Ufa ulifunguka jikoni kwa Elfryda kuanzia dari hadi sakafu, upana wa kiganja, vumbi likaanguka juu ya blanketi, na mashine zikasikika wazi kabisa, karibu sana. Cila alipunguza moto, akakoroga, akaonja, akaongeza chumvi. Kisha akarudi kitini. Elfryda alikoroma tu, hakuamka.